Sumaku inapousokota mwanga

Ukifika Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, tupa macho baharini. Utaona majukwaa ya chuma yaliyosimama kwa miguu mirefu. Huko ndiko Waitaliano walikorushia setilaiti ya San Marco 2, tarehe 26 Aprili 1967. Mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuchunguza ionosfea, tabaka la juu la anga lenye elektroni huru, ambalo huvuruga mawasiliano ya redio ya masafa marefu.

Sasa sikia kioja. Wimbi la redio ni ndugu wa mwanga, ila ni refu zaidi. Hutetemeka kama kamba unayoitikisa juu na chini. Likipita kati ya elektroni hizo, sumaku ya dunia husokota mtetemo wake: wimbi lililoondoka limesimama laweza kufika limelala! Michael Faraday aliliona jambo hili kwa mwanga na kioo, London, mwaka 1845.

Yakuhusu nini? Intaneti ifikayo Mombasa kwa nyaya za baharini tangu 2009 ni mwanga wa leza. Mwanga ukirudi nyuma, leza huvurugika. Basi huwekwa mlango wa sumaku: mwanga ukienda husokotwa digrii 45, ukirudi husokotwa 45 nyingine upande ule ule, jumla 90, na chujio huukataa. Ni kama lema la wavuvi wa Kilifi: samaki aingia, kutoka hawezi.

Shida ni kwamba mlango huo ni mkubwa mno kutiwa ndani ya chipu. Ndipo wataalamu wakakumbuka dhahabu. Mwanga ukiipiga dhahabu nyembamba sana, elektroni zake huyumba pamoja kama mawimbi na kuubana mwanga mahali padogo. Mayumbo hayo huitwa plasmoni. Mwaka 2013 watafiti wa Stuttgart, Ujerumani, walipanga nyuzi za dhahabu juu ya utando wa sumaku, na msokoto ukaongezeka karibu mara 9.

Usishangilie bado. Msokoto wenyewe haukufika hata digrii moja, nasi twataka 45. Tena dhahabu ni mlafi. Hula sehemu ya mwanga na kuigeuza joto. Anga ya Ngomeni haina haraka, kwani ina mamia ya kilomita za kusokotea. Utando ule haukufikia hata unene wa unywele.