Kiingilio na Tuzo: Je, Mashabiki wa Kwale Hawalipii Muziki?

Si nadra kusikia lalama kwamba watu wa Kwale hawapendi kulipia muziki. Wenye kauli hii husema kuwa bendi yenye jina ikija kupiga katika ukumbi mdogo wa Diani, na kiingilio kikawa shilingi elfu moja au zaidi, watakaojaa ndani ni watalii na watu wa Nairobi waliokuja likizoni, ilhali wenyeji wa Ukunda na Msambweni hubaki nje wakisikiliza kupitia ukutani. Katika makala haya ninakusudia kuipinga kauli hiyo. Ni maoni yangu kuwa wenyeji hulipa, tena hulipa sana, ila hawalipi mlangoni.

Chukua mfano wa arusi moja niliyohudhuria Msambweni nilipokuwa nikikusanya data ya tasnifu yangu. Ua ulikuwa umetandikwa mikeka, turubai limefungwa juu, na mwimbaji wa taarab mwenye sifa, aliyeletwa kutoka Mombasa, ameketi hatua nne tu kutoka kwa wasikilizaji. Hapana aliyetozwa kiingilio. Hata hivyo, kabla ubeti wa pili haujaisha, mama mmoja wa makamo aliinuka, akacheza polepole hadi mbele huku noti ya shilingi mia mbili ikipepea kidoleni, akaizungusha mara mbili kabla ya kumtia mwimbaji mkononi. Macho yake hayakuwa kwa mwimbaji. Yalikuwa kwa mwanamke mwingine aliyekaa karibu na mlango wa jikoni. Wimbo wenyewe ulikuwa wa mafumbo, unamsema mtu asiyekoma kuingilia mambo ya jirani. Yule wa mlangoni alingoja kibwagizo, naye akainuka na noti ya mia tano. Ua mzima ulipasuka kwa vigelegele.

Nami nilikuwa nikifanya nini wakati huo? Nilikuwa nimeinama nikitazama kinasa sauti changu. Niliporudi chuoni niliandika beti zote kwa uangalifu, nikahesabu mizani na kubainisha vina. Baadaye nilimsomea shangazi yangu, ambaye alikuwapo usiku ule. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, maneno ndiyo haya, lakini mbona hukuandika ni nani aliyeinuka, na aliinuka wapi?" Sikuwa na jibu.

Lugha yetu yenyewe ina la kusema hapa. Kutuza ni kumpa mtu kitu kwa jambo jema alilotenda. Wapo pia wasemao kutunza, neno ambalo kwa maana yake nyingine ni kuangalia kitu kisiharibike. Hata hivyo, mama yule wa mia mbili hakutoa fedha kwa sababu ya sauti nzuri peke yake. Aliuchukua ubeti wa mtu mwingine akaufanya kauli yake, mbele ya mashahidi. Kelly Askew, katika kitabu chake Performing the Nation cha mwaka 2002, ameuchunguza utuzaji wa aina hii mjini Tanga, mji uliotupa Black Star na Lucky Star, na ambao kwa watu wa Lunga Lunga ni jirani tu ng'ambo ya mpaka. Inasikitisha kwamba sisi tulio huku, tunaosomea Kiswahili, aghalabu tunauhakiki ushairi wa taarab kana kwamba ulizaliwa ukiwa umekwisha pigwa chapa.

Mahali pengine mashabiki hulipia ukaribu. Mnamo Novemba 1967 Umm Kulthum, ambaye muziki wake umewaathiri sana wanataarab wa pwani hii, aliimba katika ukumbi wa Olympia mjini Paris, wenye viti takribani 2,000. Kwa mwimbaji aliyesikilizwa redioni na mamilioni, huo ulikuwa ukumbi mdogo. Viingilio vilikuwa ghali, na kuna waliosafiri kwa ndege kutoka nchi za Kiarabu ili wamwone. Katika ua wa Msambweni ukaribu ni bure. Kinachogharimiwa ni haki ya kujibu.

Nyumba za muziki za Diani zimejengwa juu ya msingi mwingine. Mgeni wa hoteli huwa amekwisha kulipia chumba, chakula na bendi kwa pamoja, wakati mwingine kabla hajaondoka kwao. "Jambo Bwana", wimbo uliotungwa na Teddy Kalanda na kutolewa na Them Mushrooms wa Mombasa mwaka 1982, ulichipuka katika mazingira ya hoteli kama hizo. Siudharau hata kidogo, maana si kazi rahisi kutunga wimbo unaoimbwa duniani kote. Lakini wimbo huo huwakaribisha wageni wote kwa pamoja. Hapana jirani anayeweza kuutumia kumjibu jirani. Aidha, fedha za wageni zina tabia ya kuondoka nao. Baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997 watalii walikimbia, na wanamuziki waliotegemea hoteli wakaathirika pamoja na wapishi na wahudumu. Watu wa Kwale waliendelea kuoana.

Nakiri kuwa tuzo ina kasoro zake. Mwimbaji hawezi kujua mapema atapata nini, na mpiga udi, ambaye hapana amwendeaye na noti, hutegemea mgao wa wenzake. Pia maskini mwenye neno la kusema huenda asiwe na noti ya kulisemea. Kiingilio kina uhakika, na bendi kubwa hazisafiri kwa matumaini. Huenda basi kumbi za Diani zikajifunza kutoka tamasha la Sauti za Busara la Unguja, lililoanza mwaka 2004, ambalo limekuwa likiwatoza wenyeji kiingilio cha chini kuliko wageni, kisha zikaacha nafasi mbele ya jukwaa ili mtu aweze kuinuka. Katika ukumbi mmoja wa huko niliwahi kumwona mama akielekea mbele na noti yake, mlinzi akamrudisha kitini akidhani anataka kufanya fujo.

Kwa upande wangu, nimerudi Msambweni mara mbili. Sura ya tatu ya tasnifu sasa ina safu mpya kando ya kila ubeti: nani aliinuka, akiwa na kiasi gani, akimtazama nani. Msimamizi wangu ameniuliza iwapo hiyo nayo ni fasihi. Bado tunajadiliana.