Nani kawadanganya kwamba pangoni tunakwenda na sweta?

Leo sina habari za bumu wala za msosi wa kantini. Leo nina ugomvi na karatasi moja iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ukumbi wa mihadhara.

Karatasi inatangaza safari ya darasa letu la Jiografia kwenda mapango ya Amboni, Tanga. Safari yenyewe naiunga mkono na hela nimeshalipa. Kasheshe ni orodha ya nguo: fulana nzito ya ndani, sweta au jaketi, suruali ya jinzi. Eti pangoni kuna baridi!

Hivi jamani, baridi ya wapi? Nahisi mtu kaingia kwenye intaneti, kakuta ushauri wa watu wanaoingia mapangoni kule Uingereza, kanakili kama desa la mtihani. Wale wana sababu yao. Hewa ya ndani kabisa ya pango huwa karibu na wastani wa joto la mwaka mzima la mahali lilipo. Kwao wastani huo ni kama nyuzi 10, kwa hiyo wakivaa fulana za sufu sina neno. Tanga wastani ni kama nyuzi 26. Halafu ndani ya pango hakuna upepo wa maana na hewa imejaa unyevu, kwa hiyo jasho halikauki. Jasho lisipokauka halipoozi mwili, linatiririka tu. Sasa wewe uko humo umeinama kwenye njia nyembamba, tochi mkononi, popo juu ya kichwa, na sweta mwilini. Unatafuta nini?

Najua kuna watakaosema huyu naye anatutisha na nadharia. Haya, niwasimulie yaliyonikuta nyumbani kwetu Ifakara, mwaka jana nilipokuwa kwenye BTP.

Shule niliyopangiwa (jina naliacha) ina sheria kwamba mwanafunzi akitoka nje ya shule avae sare kamili, yaani shati, tai na sweta. Sheria hiyo iko Ifakara, bonde la Kilombero, ambako hata mbuzi saa sita anatafuta mwembe! Tukapanga kuwapeleka Kidato cha Tatu kwenye maporomoko ya Sanje, ndani ya Hifadhi ya Udzungwa. Mimi ndiye niliyeandika barua ya wazazi, na kwa mkono wangu nikaandika "sare kamili, sweta lazima, mlimani kuna baridi." Sikufikiri. Nilirudia tu nilichozoea kusikia.

Asubuhi ile ya mwezi wa nane kibaridi kilikuwepo, sikatai. Lakini njia ya Sanje inapanda kwelikweli, na ndani ya msitu upepo haupiti. Baada ya saa moja na nusu hivi kijana mmoja akakaa chini ghafla. "Mwalimu, naona giza." Ngozi inawaka, kichwa kinamuuma, anataka kutapika. Tulipomvua sweta tukakuta shati limelowa, na chini ya shati fulana nene ya pamba imelowa chapachapa, unaweza kuikamua. Tukamlaza kivulini, tukamvua mpaka kifua wazi, tukammwagia maji, tukampepea na madaftari, tukampa maji kidogo kidogo. Ilichukua karibu nusu saa kabla hajaanza kuongea vizuri. Nusu saa ile, wadau, sitaisahau. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini mama yake, na ile barua ina sahihi yangu.

Jioni nikamsimulia bibi, ambaye amelima mpunga maisha yake yote. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, umewahi kuniona nikienda shambani na sweta?" Kweli, sijawahi. Bibi anavaa shati jepesi la mikono mirefu, limepwaya, limefuliwa mpaka limekuwa laini. Linakinga jua na majani ya mpunga, na hewa inapita. Hana digrii, na mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja niipate.

Na sisi ni watu wa Jiografia! Tunafundishwa kwamba ukipanda mita 100 joto linapungua kama nyuzi 0.6 tu. Panda mita 300 zote, hujapata hata nyuzi mbili kamili. Jasho la kupanda linakula faida hiyo yote. Tunajibu hilo swali kwenye mtihani, tukitoka nje tunavaa kama tunakwenda kileleni Kibo.

Hoja za upande wa pili nazijua. Mikwaruzo ya mawe? Ndiyo, ndiyo maana nasema mikono mirefu, lakini kitambaa chepesi. Ukitoka na jasho utaugua? Beba fulana kavu kwenye mfuko, ubadilishe ukitoka. Hela? Jezi ya mpira ya mtumba niliyonunua sokoni Ifakara ilinigharimu shilingi 3,000. Haishiki maji kama pamba, ukiikung'uta inakauka upesi. Hiyo moja ndiyo ya kuvaa ndani, juu yake shati jepesi ukipenda, na suruali nyepesi iliyopwaya. Jinzi ikilowa inakuwa mzigo na inabana magoti usiweze kutambaa. Sweta libaki ndani ya basi, litakusaidia usiku njiani.

Mtaniambia ni suala dogo, nguo tu. Mwakani wengi wetu tutakuwa walimu, tutaandika barua kama ile niliyoandika mimi, na watoto watavaa tulichowaambia hata kama kinawaumiza, kwa sababu mwalimu kasema. Yule kijana alijua tangu tunaanza kupanda kwamba anaungua. Nilipomuuliza kwa nini hakuvua, akasema aliogopa adhabu.

Kwa hiyo CR wetu, kaka yangu, nakuomba kwa heshima zote. Ile karatasi ibandue kabla ya Ijumaa, uandike nyingine. Ukikosa muda nipe mimi, kalamu ninayo.

Naomba kuwasilisha. Tupo pamoja.