Sitatuma cheni peke yake tena!

Sisi wabeba maboksi wa Uingereza tupo, baridi inatunyoosha lakini tunamshukuru Mungu. Leo sina stori za theluji. Nina hasira, mtanisamehe.

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa ndugu watatu tofauti, wimbo mmoja: "Dada, tutumie cheni ya pikipiki, ile orijino ya Ulaya." Pikipiki zenyewe za siku nyingi, Honda CG125 mbili na Yamaha DT moja. Jibu langu nalitoa hadharani ili nisiulizwe tena: sitatuma cheni peke yake. Kamwe!

Baadhi yenu sababu mnaijua. Mwaka 2022 nilimpelekea baba mdogo cheni mpya ya CG yake kule Lushoto. Nikajiona nimefanya jambo. Fundi akaifunga kwenye sproketi zilezile za zamani, meno yamepinda kama ndoana. Haikumaliza miezi mitatu. Siku hiyo anapanda mlima na gunia la viazi nyuma, cheni ikaruka, pikipiki ikarudi kinyumenyume, baba mdogo akavunjika mtulinga. Mimi nesi, kazi yangu kuuguza waliovunjika, halafu nimetuma kitu cha kumvunja baba yangu!

Sasa sikilizeni. Cheni na sproketi zake mbili, ya mbele na ya nyuma, ni kitu kimoja. Cheni "ikirefuka", chuma hakijavutika. Ni pini na bushi za ndani zimelika, kila pingili ikaongezeka kidogo, na meno ya sproketi yakalika kuifuata. Ukiweka cheni mpya kwenye meno hayo, mzigo wote unabebwa na meno machache, na cheni inazeeka upesi. Ni kama kufunga bendeji mpya juu ya kidonda ambacho hujakisafisha. Na wale mafundi wanaopunguza pingili moja ili cheni ikaze hawajatengeneza kitu. Pingili zilizobaki ni mbovu vilevile!

Halafu hiyo "orijino ya Ulaya". Ni kweli, cheni ya aina hii ilibuniwa hukuhuku Manchester na Hans Renold, mwaka 1880. Lakini ingia duka la pikipiki hapa leo: cheni nzuri nyingi zimetoka Japani, na seti nyingi za bei rahisi zimetoka China na India, kama zinazoshuka bandarini Dar. Vipimo ni vya dunia nzima. Cheni iliyogongwa namba 428 ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, uinunue Kariakoo au Birmingham. Hamhitaji ndugu Ulaya, mnahitaji rula. Ivute cheni ikaze, hesabu nafasi 20 kati ya pini na pini. Ikiwa mpya utapata milimita 254. Ikifika 259, usijadiliane nayo, badilisha vyote vitatu.

Kinachosumbua kwenye pikipiki za zamani ni sproketi. Jina la pikipiki halitoshi. CG125 ilianza kutoka mwaka 1976, na tangu hapo imebadilishwa mara nyingi. Fungueni ile ya zamani mwende nayo dukani. Hesabuni meno na matundu ya bolti, pimeni tundu la kati na umbali wa bolti hadi bolti. Ya mbele hesabuni pia meno ya ndani yanayokaa kwenye shafti. Pikipiki nyingi za Kichina zimeiga injini ya CG, kwa hiyo huenda spea yake ikaingia, lakini linganisheni kwa macho yenu, si kwa maneno ya muuzaji. Ikikosekana kabisa, mpelekeeni fundi wa kukereza vyuma aichonge kwa sampuli. Hata wenye pikipiki za kale huku wanafanya hivyo.

Najua mtasema seti nzima ni ghali. Ni kweli, na hali ya huko naifahamu. Lakini cheni tatu zilizokufa kabla ya wakati pamoja na bili ya hospitali, jumlisheni wenyewe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anayetaka mchango wangu nitachangia seti nzima, inunuliwe hukohuko. Anitumie kwanza picha ya cheni ya zamani juu ya rula, na sproketi zote mbili zikiwa zimefunguliwa. Asiye na picha asinibipu! Na mkipaka oili, zimeni injini. Vidole havina spea.

Baba mdogo alipopona alinunua seti yake Tanga mjini kwa fedha yake mwenyewe. Mpaka leo anapanda mlima ule na viazi vyake, ila bega linamuuma kukiwa na baridi. Kila nikimpigia simu namuuliza bega kwanza.

Mniwie radhi kwa ukali. Naomba kuwasilisha.