Wazazi Wanaongoja Orodha

Mengi yameandikwa katika gazeti letu juu ya mwanafunzi na mtihani wake. Leo nataka kusema juu ya watu wasioshika kalamu wala kuingia chumba cha mtihani, lakini usiku hawalali. Watu hao ni wazazi wetu.

Huko Marekani iko desturi ya kuomba chuo mapema. Kijana hupeleka maombi yake mwanzo wa Novemba, na vyuo vingi humjibu katikati ya Desemba. Hizo ni wiki sita hivi, na hata hivyo wazazi wa huko huziona ndefu mno. Hapa Uganda kungoja kwetu ni kurefu zaidi. Mtihani wa Kidato cha Sita huisha Desemba. Matokeo hutoka mwaka ufuatao, mara nyingi Februari au Machi. Kisha twangoja tena orodha ya watakaolipiwa na serikali, na masomo ya chuo huanza karibu na Agosti. Hesabu miezi hiyo, msomaji, halafu umfikirie mama aulizwaye kila Jumapili nje ya kanisa, "Je, mtoto amepata?"

Hofu ya wazazi si ya bure. Mwaka 2023 watahiniwa wa Kidato cha Sita walizidi 100,000, na nafasi za serikali ni kama 4,000 tu kwa mwaka. Asiyeingia katika orodha hiyo hana budi kujilipia, na karo ya chuo si fedha ya kuokota njiani.

Lakini hofu isiposemwa huharibu nyumba. Nimeyaona hayo kwetu, katika miteremko ya Mlima Elgon. Kaka yangu alipongoja orodha, Baba aliwaambia majirani wote kwamba mwanawe atakuwa daktari. Mbuzi wa karamu akafungwa nyuma ya jiko. Wazee walisema, usikate kanzu kabla ya mwana kuzaliwa, Baba alisahau. Orodha ilipotoka, jina la kaka halikuwamo. Baba hakumpiga wala hakumtukana. Alinyamaza tu, wiki mbili nzima. Siku moja alfajiri kaka akaondoka kwenda Kampala, na kwa muda wa mwaka mmoja hatukujua analala wapi. Mbuzi alibaki pale pale, tukaendelea kumpa majani.

Baadaye sana Mama alinieleza jambo ambalo kaka hakulijua. Baba alikuwa ameuza kipande cha shamba la kahawa ili kulipa karo ya Kidato cha Sita. Hakuwa na hasira, bali alikuwa na hofu na aibu. Laiti angalisema! Kaka alidhani anachukiwa, kumbe anahurumiwa.

Wako watu wasemao kwamba mtoto asipotishwa hatajitahidi. Labda ni kweli kabla ya mtihani. Lakini siku kalamu zinapowekwa chini, vitisho haviwezi kuongeza hata maksi moja. Kutoka siku hiyo mzazi na mtoto wamo katika mtumbwi mmoja, na kazi yao ni kungoja pamoja.

Basi kwa maoni yangu yafaa wazazi wafanye mambo matatu. Kwanza, wasitangaze ahadi ambazo hazimo mikononi mwao. Akiulizwa, mzazi aweza kujibu, "Twangoja, tuombeeni." Jibu hilo halina aibu.

Pili, waseme habari za fedha waziwazi mapema, kabla orodha haijatoka. Mtoto wa miaka kumi na minane au kumi na tisa aweza kuambiwa, "Mwanangu, usipopata nafasi ya serikali, tunacho hiki na hiki hatuna." Akijua hivyo atafikiri njia nyingine mwenyewe, wala hatashtuka.

Tatu, wajue ya kuwa milango imeongezeka. Kabla ya 1988 nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, yaani Makerere. Mwaka huo kilifunguliwa kingine Mbale, na 1989 kikafuata cha Mbarara, na leo viko vingi. Tena viko vyuo vya ualimu, vya uuguzi na vya ufundi. Wazazi wengi huogopa kwa hofu waliyorithi kwa baba zao, wa zamani za mlango mmoja.

Na sisi wanafunzi tusijifanye hatuna kosa. Tukirudi nyumbani twajificha chumbani, na Mama akituuliza twamjibu neno moja. Tushike jembe, tuchume kahawa pamoja nao. Watu wakifanya kazi bega kwa bega, maneno yaliyo mazito hutoka kwa urahisi.

Yasemwa kwamba subira yavuta heri, nami nakubali. Lakini kunyamaziana si subira. Mwaka huu ni zamu yangu kungoja. Kaka amerudi, sasa ni fundi wa pikipiki mjini, na kila mwezi huleta kitu nyumbani. Likizo iliyopita nilimwomba Baba jambo moja tu, kwamba asifunge mbuzi. Alicheka, kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, safari hii tutazungumza." Neno hilo limenitosha kuingia chumba cha mtihani bila kutetemeka.

— Mwanafunzi wa Kidato cha Sita