Tropic Thunder: Nimecheka, Lakini Nusu

Haya wasomaji, leo tuweke msimbo kando tuzungumze sinema. Si kando sana, maana na mashine zimo.

Tropic Thunder ilitoka mwaka 2008. Ben Stiller aliiongoza, akaigiza, na kushiriki kuiandika. Waigizaji wenye majina makubwa wanapelekwa msituni kutengeneza filamu ya vita vya Vietnam. Mambo yanaharibika, mwongozaji anawatupa porini ili waogope kikweli, na huko wanakutana na genge halisi la dawa za kulevya. Mmoja wao bado anadhani kamera zinamfuata.

Ni nzuri? Nusu.

Nusu ya kwanza nimeipenda. Mradi una siku 5 tu na tayari umechelewa mwezi mzima. Yeyote aliyewahi kuandika programu za kulipwa anaijua hesabu hiyo! Halafu mlipuko wa dola milioni 4 unafyatuliwa kamera zikiwa hazirekodi. Ishara moja imesomwa vibaya, pesa zimekuwa moshi. Hapo nilishika mbavu, kwa sababu mzaha unatoka ndani ya kazi yenyewe.

Tom Cruise naye, kwa kipara na matusi ya simuni, ni mkubwa wa studio anayepiga hesabu na kuona kwamba nyota wake akifa, bima italipa vizuri zaidi. Unacheka huku unaogopa.

Sasa mashine. Wakala mmoja anahangaika kwa sababu mkataba unasema mteja wake apewe TiVo, kile kisanduku cha kurekodi vipindi vya televisheni kwenye diski. Kwingine kuna gumzo kuhusu HD DVD na Blu-ray. Toshiba walikwisha kuitupa HD DVD Februari 2008, na filamu ikaingia kumbini Agosti. Utani ulifika sokoni umeshachacha! Wa TiVo bado unachekesha, ingawa siku hizi watu wanatazama vipindi kwenye intaneti, kwa sababu shabaha yake ni mkataba. Kifaa huzeeka, mkataba wa kipuuzi hauzeeki.

Kinachonikera ni nusu ya pili. Filamu iliyoanza kwa kucheka milipuko inaishia kutuuzia milipuko na helikopta. Iligharimu zaidi ya dola milioni 90, halafu inatuambia Hollywood ni wabadhirifu. Nyani haoni kundule.

Robert Downey Jr. anaigiza Mwaustralia aliyebadilisha rangi ya ngozi ili acheze Mmarekani mweusi, na akateuliwa kuwania Oscar. Shabaha ni waigizaji wanaofanya lolote wapate tuzo, naelewa. Lakini Brandon T. Jackson, mweusi halisi wa kikosi, kazi yake kubwa ni kumkosoa tu. Angepewa zaidi.

Tena, mafundi wa taa, wapishi na wabeba vifaa wako wapi? Mradi ukianguka, nyota na mkubwa wake wana bima. Anayekosa malipo ni yule ambaye jina lake linapita mwishoni wakati watu wanatoka ukumbini. Kichekesho kuhusu biashara ya filamu kisichomwona huyo kimeona nusu ya biashara.

Itazame na wenzako wa kazini. Nusu ya kwanza nyamazeni. Ya pili mnaweza kupiga soga.