Tumsome Abedi Mwenyewe

Mgogoro wa ushairi wa mapokeo na mashairi huru ni mada inayopendwa mno na wanafunzi wetu. La kusikitisha ni kwamba wengi humnukuu Kaluta Amri Abedi kupitia kwa wapinzani wake, bila kukifungua kitabu chake cha 1954, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Je, huko si kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza? Mwanafunzi na aingie maktabani, amuulize mkutubi, akisome kitabu hicho sambamba na *Kichomi* (1974) cha Kezilahabi, na anakili hoja pamoja na nambari za kurasa. Hapo ndipo atakapokuwa na haki ya kukubali au kupinga. Wahadhiri nao wasiridhike na nukuu za kuazima.