Gretzky au Ovechkin? Kabla ubishane, uliza kinachohesabiwa

Umekaa base na wasee. Mmoja anatoa simu anakuonyesha: Alex Ovechkin ndiye mfungaji bora wa muda wote kwenye NHL, ile ligi ya magongo ya barafuni ya Marekani na Kanada. Mwingine anaruka, ati wapi, ni Wayne Gretzky! Kelele inaanza. Shida ni kwamba kila mmoja anahesabu vitu tofauti.

Aprili 6, 2025, Ovechkin wa Washington Capitals alifunga bao lake la 895 dhidi ya New York Islanders. Gretzky alistaafu 1999 akiwa na 894. Hata idadi ya mechi ni ileile: Gretzky alicheza 1,487, na Ovechkin alivunja rekodi katika mechi yake ya 1,487. Hapo hakuna ubishi.

Lakini hayo ni mabao ya msimu wa kawaida pekee. NHL huweka mabao ya mchujo kando. Gretzky ana 122 ya mchujo. Siku ile rekodi inavunjwa, Ovechkin alikuwa na 72. Jumlisha uone: 1,016 kwa 967. Halafu kuna WHA, ligi pinzani ambako Gretzky alifunga mabao 46 msimu wa 1978-79 kabla timu yake, Edmonton Oilers, kuingia NHL. Mabao hayo NHL haiyatambui.

Swali lingine ninaloulizwa sana: hizi "pointi" za mchezaji ni nini? Ni mabao ukijumlisha na asisti, basi. Ila tofauti na soka, bao moja linaweza kuwapa asisti watu wawili, aliyetoa pasi ya mwisho na aliyempa huyo. Gretzky ana pointi 2,857, na 1,963 kati ya hizo ni asisti. Jaromir Jagr, anayemfuata, ana pointi 1,921 kwa jumla. Yaani mfutie Gretzky mabao yote na bado anaongoza. Hii kwangu ndiyo rekodi ya maana, si ile ya mabao.

Enzi pia usisahau. Gretzky alifunga 92 msimu wa 1981-82, wakati mechi moja ilikuwa na wastani wa mabao 8 hivi na makipa walivaa pedi ndogo. Ovechkin amekutana na makipa waliojaa lango, na msimu mzima wa 2004-05 ulifutwa kwa mzozo wa wamiliki na wachezaji kabla hata hajaanza.

Na kama unaweka beti usiku, sikia hii. Mechi ya NHL haiishi sare. Lazima mshindi apatikane, kwa muda wa ziada au penalti. Lakini beti ya chaguo tatu kwa kawaida hufungwa dakika ya 60. Nililiwa mia mbili hapo, timu yangu ikiwa imeshinda kabisa. Soma masharti, bana.

Kwenye soka kelele ni zilezile. Liverpool ilitwaa taji Aprili 2025 na kufikisha 20, sawa na Man U. Shabiki wa Man U atakwambia hesabu Ligi Kuu tu, tangu 1992: wao 13, Liverpool 2. Sawa, lakini basi na yeye afute yake 7 ya zamani, yakiwemo ya 1908 na 1967.

Yule msee wa base ni Man U damu, na nyumbani ni Ingwe. Timu yake ilishinda ligi ya Kenya 1966 na 1967 kwa jina la Abaluhya; jina la AFC Leopards lilikuja 1980, serikali ilipotaka vilabu viache majina ya kikabila. Mwambie mataji hayo hayahesabiki kwa sababu jina lilibadilika. Halafu sogea kando kidogo.